Fisi Aliyeziba Mlango wa Pimbi

Kiangazi cha mwaka ule, jamani, hakikuwa na adabu! Mto ulikauka, watoto wa Simba wakalamba matope, na mfalme mwenyewe akakonda akabaki mbavu tupu. Maji yalikuwa sehemu moja tu, ndani ya pango la Kilima cha Pimbi. Nao Pimbi, waliojitawala huko juu kwa baraza lao, kwa ridhaa ya mfalme, walikuwa wameziba kwa jiwe mfereji wa kuyateremsha bondeni, wanapiga kelele kutwa: "Hatutaki! Hatutaki!"

"Hawataki nini?" Simba aliuliza.

"Wewe, Mfalme," alijibu Fisi, waziri aliyetumwa kuwapelekea Pimbi viazi vya mfalme wakati wa njaa. "Wakorofi wale! Nipe jeshi la mbwa mwitu, niwatie adabu."

Sungura akakohoa. "Bwana Mkubwa, anayelia si aulizwe kwanza? Nenda mwenyewe. Ila kwao mgeni huingia kinyumenyume, mkia ukitangulia, waone kwamba meno hayakuja kupigana."

"Mimi? Nitangulize makalio?"

"Watoto wana kiu, Mfalme."

Hilo lilimchoma. Simba akameza kiburi, kikamkwama kooni, akakimeza tena.

Wakapanda wote kilimani, na jeshi la mbwa mwitu likabaki nje ya pango. Simba akajigeuza, akarudi nyuma, na kwa kule kukonda akapenya mlango mwembamba, manyoya ya shingo yamemfunika macho. Aibu ilimuunguza mwili mzima. Lakini kelele zikakoma papo hapo.

"Karibu, Mfalme," alisema Bi Pimbi, mkuu wao. "Tulidhani umetusahau."

Fisi, akihofia yatakayosemwa, akajitosa naye kinyumenyume. Kiuno kikaingia, tumbo likagoma. Akasukuma, akajivuta, wapi! Makalio ndani, kichwa nje.

Simba alishangaa. "Nchi nzima mifupa mitupu. Huyu kanenepea wapi?"

"Kwenye viazi vyetu!" Bi Pimbi alifoka. "Sisi tunavisikia tu. Waziri huyu ndiye tusiyemtaka. Hakukwambia?"

"Aliniambia hamnitaki mimi."

Pango zima likaangua kicheko. Simba naye alicheka, huku moyo ukimsuta, maana nusura awapige kwa jeshi watu wenye njaa.

Bi Pimbi akaondoa jiwe, na maji yakateremka hadi kwa watoto. Lakini mfalme atatokaje, na mlango ni Fisi? Ikabidi akae na Pimbi mpaka tumbo lile lipungue, na wakikaa wafanye nini kama si kuzungumza? Wakakubaliana baraza la kilima libaki, na viazi Pimbi wavichukue wenyewe kwa mfalme. Kila Fisi alipopiga kelele, "Msimwamini!" walimtekenya mkia. Na huko nje Sungura alikaa mbele ya pua yake, akimenya kiazi polepole.

Fisi alipochomoka, amekonda hatambuliki, mbwa mwitu waliokuwa wamesikia yote walimzomea mpaka mpakani, na uwaziri ukaishia hapo.

Tangu hapo, kelele zikisikika kilimani, Simba haiti jeshi. Hupanda, akajigeuza, akaanza kurudi nyuma, makalio mbele, na watoto wake wakimcheka mpaka mlangoni.