Jina la Binti wa Nankunda

Hapo zamani, si zamani sana, mwaka ule watu walipofunika midomo kwa barakoa, aliishi milimani Upare mkulima wa tangawizi aitwaye Nankunda. Nesi Tumsifu wa zahanati alimchanja chanjo ya korona, kama alivyowachanja mamia wengine. Wengine wote walirudi mashambani salama.

Siku ya tisa kichwa kikamuuma Nankunda, si kuuma kwa kawaida. Ukungu wa bondeni ukamwingia machoni. Sauti zikamjia kwa mbali, kama za watu wanaoongea ng'ambo ya maji. Akaona shamba lake linaelea, taratibu, majani yakimpungia.

"Malaria hiyo, mwacheni alale," wakasema majirani.

Wifi yake, Eshimendi, akakataa. "Ameniita kwa jina la marehemu mama yake. Ameshika kijiko, hajui ni nini. Hii si malaria!"

Mvua ilikuwa imeigeuza barabara kuwa utelezi mtupu. Jirani yao Senkondo akamwaga tangawizi yake yote matopeni, akamlaza mgonjwa kwenye pikapu, akashuka mlima ambao siku hiyo hakuna dereva mwingine aliyethubutu kuushuka.

Hospitalini daktari akaona damu imeganda kwenye mshipa wa ubongo. Akaandaa sindano ya kuzuia damu isigande, ile ya siku zote.

"Subiri, daktari!" akasema Tumsifu, aliyekuwa amepanda nao gari, akimshika mkono. "Nilimchanja mimi, siku tisa zilizopita. Ni nadra sana chanjo kugandisha damu, lakini tulionywa: ikitokea, dawa hiyo inaweza kumzidishia ugonjwa. Pima kwanza chembe sahani, zile zinazogandisha damu; zikiwa chache, ni chanjo."

Zikapimwa. Zilikuwa chache mno. Dawa ikabadilishwa.

Siku kumi na mbili Nankunda aliishi ndotoni. Ya kumi na tatu akafumbua macho, akaomba uji.

Mwaka uliofuata akajifungua binti. "Mmoja wenu atampa jina," akawaambia wale watatu.

Eshimendi akasema, "Bila mimi angeachwa alale, na asingeamka."

Senkondo akasema, "Ulijua, sawa. Kujua kwako kungemfikisha wapi? Ningeteleza, tungezikwa sote wanne."

Tumsifu akautazama mkono wake. "Mkono wangu ndio uliomchanja. Mkono huo huo ukamzuia daktari. Ningenyamaza, mngekuwa mmempeleka kufia hospitalini. Sijui kama nadai jina, au naomba msamaha."

Nankunda akawatazama mmoja mmoja. Mtoto amelala mapajani, hana jina.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza: je, nani alistahili kumpa jina?