Dawa ya Chui ya Kung'arisha Watoto

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na sebule kama sisi, usiku wa manane ilisikika sauti kutoka kwa Bwana Chui: chwii! chwii! Mama Pimbi akamkumbatia mwanawe Tunu, maana alijua ni vifaranga wa Chui wanalia.

Chui alijiita msanii. Alitoa mbegu ya mwanga mwilini mwa kimulimuli, akaitia ndani ya mayai ya kuku, na vifaranga wakaanguliwa wanawaka kama taa! Akawatundika vizimbani sebuleni, wageni wakapiga makofi. Lakini maskini, utalalaje nawe ndiye taa?

Kulipokucha, hodi hodi! Chui huyo mlangoni, kibuyu mkononi.

“Mama Tunu, shemeji yangu! Mwanao mzuri, ila rangi yake ya vumbivumbi. Tone moja tu la dawa yangu ya kimulimuli, akinywa atang'aa! Nitamtundika katikati ya sebule.”

“Hataumia?”

“Sanaa haiumi, shemeji!”

Mama Pimbi akacheka, akatandika mkeka. “Karibu, karibu! Ila kwetu aletaye kinywaji huonja kwanza, kutoa sumu. Au waogopa?”

“Niogope? Mimi, Chui?”

Akainua kibuyu kwa majivuno, gulu gulu gulu! Akamaliza chote.

Kwanza mkia, waa! Kisha madoa, waa! waa! waa! Chui akajitupa uvunguni mwa kitanda, uvungu mzima ukawa mchana.

“Nizime, shemeji! Swala wataniona toka ng'ambo ya mto, nitakula nini mimi?”

“Mbona wapendeza! Ngoja niwaite majirani waje wapige makofi.”

“Usiwaite! Nakuomba!”

“Na vifaranga hawakukuomba?”

Chui akafunika uso kwa makucha yake.

“Haya, dawa hii huisha?”

“Kwa mkubwa huisha mwezi ukiandama. Kwa mtoto haiishi.”

Mama Pimbi akamtazama Tunu, akamvuta karibu. “Toa funguo za vizimba. Sasa hivi! Na kuanzia leo hugusi mtoto wa mtu, wala yai la mtu.”

Chui akazitoa, analia, hata machozi yanawaka! Mama Pimbi akaenda mbio, akarudi na vifaranga wote kifuani, akawafunika walale. Kisha, kwa kuwa mama ni mama, akamfunika Chui naye blanketi zito.

Wanangu, kiumbe hai si pambo: usimfanyie mwenzio usilotaka mwilini mwako.

“Shemeji,” Chui akanong'ona toka chini ya blanketi, “na majirani, utawaita?”

“Lala, baba. Simwambii mtu mwingine.”