Kwa Nini Upara Huanzia Utosini

Kaeni vizuri, mliovua kofia na mnaozing'ang'ania. Habari hii haimgusi mtu, ila yule atakayejipapasa kichwa kabla sijamaliza.

Enzi za mababu wa mababu zetu, hapakuwa na upara duniani. Mtu alizaliwa, akakua, akazikwa na nywele zake zote. Tena zilikuwa nene, zina kazi: wake kwa waume walijitwika mizigo juu yake bila kuweka kitu katikati, iwe kuni, maji, hata mbuzi mgonjwa.

Huko Makorongoni palikuwa na desturi. Siku ya mavuno, mtu mmoja alijitwika kikapu cha kwanza cha mtama toka shambani hadi uwanjani, mikono ikining'inia, ngoma zikimfuata. Akiumwaga njiani, heshima ile ilikwenda kwa mwingine. Kwa miaka mingi mbebaji alikuwa Mfaume, na maskini Mfaume hakuwa na kingine cha kujivunia. Shamba lake lilikuwa magugu matupu, na akiimba mbwa waliondoka. Alikuwa na nywele na kile kikapu, basi.

Asubuhi moja akajichana, kitana kikarudi na kishungi kizima. Mfaume alikaa kitako. Aliogopa kuliko mtu aliyeona simba, maana simba angalau unaweza kumkimbia.

Akawaza, akakata shauri kwamba mzigo ndio unaokula nywele. Akawanong'oneza wanaume wenzake, nao kwa uvivu wao wakaamini kabla hajamaliza kusema. Kuanzia hapo kuni zote na maji yote yakawa ya wanawake. Kisha zikaja dawa. Alijisugua kitunguu. Alijipaka majivu na asali, nyuki wakamkimbiza mpaka mtoni. Akahamia mafuta ya mbarika, mbuzi wa jirani akanogewa, na kila Mfaume akijinyoosha barazani anakuja kumlamba. Nywele zikazidi kutoka. Mwishowe akajifunga kilemba kizito, akakikaza mpaka nyusi zikapanda, akashinda nacho na kulala nacho. Wanaume wengine wakadhani ndio urembo mpya, wakajifunga nao.

Mkewe, Siwatu, sasa alibeba mizigo ya watu wawili. Utosi ukamuuma, naye akaona nywele zake zinaanza kukatika. Hakumtangazia mtu. Alichukua majani makavu ya mgomba, akayasokota yakawa pete nene, akaiweka kichwani chini ya mtungi. Hiyo ndiyo ngata ya kwanza. Maumivu yakaisha, nywele zikatulia, na wanawake wenzake wakaiga. Akamsokotea na mumewe, akamsihi aache kilemba, nywele zipate hewa, na siku ya mavuno aweke ngata.

"Mwanamume mzima nijivike kiota?" akasema Mfaume. "Kuku wakija kutaga humo, utawafukuza wewe?"

Siwatu akaiweka ngata pembeni, akaendelea kupepeta.

Siku ikafika. Wazee wakamtaka Mfaume avue kilemba. Akasema ana mafua. Wakamvua wenyewe. Shamba zima likasogea kutazama. Utosini palikuwa peupe, panang'aa kwa mafuta ya mbarika, na nywele zilizosalia zilizunguka pembeni tu, duara kamili.

Mashavu, mdogo wake Siwatu, akamtazama kwa makini. "Shemeji," akasema, "ngata ya majani uliikataa, naona umeota ya kwako."

Mfaume akang'ang'ania kikapu kile kile. Wakamtwika. Hakufika mbali. Kikapu kiliteleza juu ya yale mafuta, mtama ukamwagika, na kuku wa kijiji kizima wakajua. Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Mfaume alisimama pale machozi yakimlengalenga, maana alijua heshima imekwenda na hairudi.

Siwatu akapiga magoti, akauzoa mtama, akaweka ngata yake, akajitwika kikapu. Alipomfikia mumewe akasimama.

"Niliolewa na wewe, sikuolewa na nywele," akamwambia. "Chukua ngoma, twende."

Mfaume akajipapasa utosi, akaukuta laini kama kitako cha mtoto mchanga. Kicheko kikamtoka bila kutaka. Akacheka kuliko wote, na waliokuwa wakimcheka wakajikuta wanacheka naye. Wenye vilemba wakavua, wakakuta mambo ni yale yale. Akaipiga ngoma nyuma ya mkewe mpaka uwanjani, na wanasema hajawahi kuipiga vizuri vile.

Na tangu siku hiyo kikapu cha kwanza hubebwa na mwanamke, juu ya ngata. Wanaume, umri ukisogea, nywele huwatoka utosini zikabaki duara pembeni. Na ukikutana na mwenye upara, utaona ni yeye anayeanza kujitania, wewe hujafungua hata mdomo. Usimshangae. Cheka naye.