Sufuria ya Bi Sikitu

Bwana Lutengano alinunua ndege yake mwenyewe. Bi Sikitu, wakala wa bima, alipomfuata, alimfukuza. "Bima ni ya waoga! Nisizione tena fomu zako!"

Asubuhi ya safari ya kwanza, Lutengano alimkuta kando ya ndege na wanawake watatu waliojifunga kanga viunoni. Walikuwa wamepanga mafiga na kuweka juu yake sufuria kubwa yenye kifuniko, moto bado haujawashwa.

"Kuna msiba?"

"Bado, bwana," akajibu Bi Sikitu. "Ukianguka bila bima, matanga ni juu yetu majirani, tukaona tujiandae. Ndugu zako wanakula wali au ugali?"

Lutengano aliitazama ndege, akaitazama sufuria.

"Lete hizo fomu!"

Bi Sikitu akafunua sufuria. Fomu zilikuwa humo, zimeshajazwa, imebaki sahihi tu.