Ufunguo wa Mashine ya Mpunga

Hapo zamani, si ile ya mababu, hii ya juzijuzi, kijiji cha Mwabuluda kilipata mashine ya kukoboa mpunga. Ikaja habari ya mgeni mkubwa, wakaipaka rangi ya bluu juu mpaka chini, ing'ae! Mwezi haukuisha, krak! Shafti, chuma kile kinachoizungusha, ikakatika. Mpunga umejaa majumbani, mvua inanukia.

Mwenyekiti akanyanyua ufunguo. "Atakayeiponya, ufunguo huu wake, na kazi ya mashine ni yake maisha!"

Akatoka Kalekwa, msichana wa chuo cha ufundi. Kaka yake Ngusa, wa chuo kikuu, akacheka. "Wewe si ulienda kujifunza kugonga nyundo?"

"Hiyohiyo, kaka. Kaa pembeni, usichafue shati."

Akachomelea. Ikazunguka. Krak! Ikakatika tena.

Ngusa akapiga hesabu, akachora. "Nyembamba hii! Inatakiwa nene hivi, chuma cha aina hii."

"Haya, itengeneze."

Ngusa akatazama mikono yake. "Mimi nachora tu, mdogo wangu."

Kalekwa akaubeba mchoro mpaka chuoni kwake, akakereza chuma siku mbili, akarudi, akafunga. Mashine ikanguruma! Vigelegele! Mara, moshi.

"Zimeni! Zimeni!" Ni shangazi yao Ng'washi, anayesoma darasa la watu wazima, mvi kichwani, daftari kwapani. Akaona herufi zimetuna chini ya rangi, akaikwangua kwa kisu cha jikoni. Loo, kibao! Kidole juu ya herufi: "Ti-a... gri-si... ha-pa. Kila... a-su-bu-hi!" Na tundu lenyewe hilo, limezibwa na rangi!

Wakalizibua, wakatia grisi. Mashine ikaimba, mchele ukamwagika mweupe pee! Mvua inafika, mpunga wote umeshakobolewa.

Sasa ufunguo.

"Wangu," akasema Ngusa. "Bila hesabu yangu mngechomelea mpaka leo."

"Hesabu yako ilikoboa punje ngapi?" akasema Kalekwa. "Shafti inayozunguka ni ya mikono hii!"

"Na ingeungua palepale," akasema shangazi. "Nyote mna vyeti, mmeipita rangi ile mara mia. Nani alisoma?"

Mwenyekiti akamtazama huyu, akamtazama yule. Ufunguo ni mmoja.

Haya, mnaonisikiliza, ungekuwa mkononi mwako wewe, ungempa nani?