Mlinzi wa Kiota cha Kanga

Paukwa!
Pakawa!
Kiota je?
Cha wote!
Na mlinzi je?
Mtazame mdomo!

Haya, sogeeni. Hapo kale kanga wote walitaga kwenye kiota kimoja, na mwiko wao ulikuwa huu: mayai hayahesabiwi. Ukiyahesabu, umeyaitia mkosi. Wakienda malishoni walimwachia Kenge alinde. Mnacheka? Hata mimi ningecheka.

Bi Madoa ndiyo kwanza alikuwa ametaga, na moyo wake haukutulia. Siku ya kwanza akarudi, akachungulia.

"Bwana Kenge, mayai yamepungua."

"Hayo ni maoni yako, dada. Mimi naona yamezidi."

Siku ya pili: "Yamepungua!"

"Kila mtu na jicho lake, dada."

Siku ya tatu akapiga kelele hadi wenzake wakaja mbio. Kenge akawageukia kwa upole.

"Shangazi zangu, huyu anaona hivi, mimi naona vile. Tugombane kwa maoni tu?"

"Tusigombane," wakaitikia. Wakamkaripia Bi Madoa amwache mlinzi wao kwa amani.

Wajinga wale! Kikulacho ki nguoni mwako, na wao walikuwa wamekivaa.

Bi Madoa akafuta machozi, akalainisha sauti. "Nisamehe, kaka. Kweli kila mtu na lake. Mimi, kwa mfano, nasikia yai la kanga mzee ni tamu kuliko la kanga kijana."

Kenge akashindwa kujizuia. "Wapi! La mzee linakwaruza koo. La kijana ndilo yai, linateleza lenyewe!"

Shingo zote zikamgeukia, jamani.

"Umeyaonja lini?" akauliza Bi Madoa.

"Ni... ni maoni yangu tu, dada."

"Utamu ni maoni yako, sikunyang'anyi. Lakini kula umekula, na hilo halina maoni."

Njia ya mwongo fupi. Kanga wakamrukia, wakamdonoa hadi akatokomea mtoni. Kisha wakasimama mbele ya kiota, kila mmoja anaogopa kutazama. Bi Madoa akauvunja mwiko. Akafukua majani, akahesabu kwa sauti.

"Moja."

Wakangoja aendelee. Hakuendelea. Na safari hii hakuna aliyesema anaona vingine.

Hadithi yangu naiacha hapo kiotani. Ukiiona nzuri, maoni yako. Ukiiona mbaya, maoni yako. Ila karanga zangu zilikuwa kwenye sahani hii wakati naanza. Hebu nyote fungueni midomo.