Mkono wa Onorata Kihwele

Mkono ukijifunza, mpira hupotea.

Ndivyo nilivyomwambia Tulizo asubuhi hii alipoharibu kola ya tatu, na ninyi nyote mkaacha kukanyaga cherehani mkanitazama. Mmeuliza mpira unaingiaje kwenye kushona. Swali zuri. Ondoeni kwanza pasi juu ya kitambaa, kisha mkae. Methali nyingi tumezikuta, hatujui nani alizisema. Hii naijua, kwa sababu nilikuwapo siku ilipotamkwa mara ya kwanza, na niwaambie ukweli, kwa muda mrefu tuliitumia kumcheka mtu. Ilianza hivi.

Kabla sijawa mwalimu wenu wa ushonaji nilikuwa mkata nyasi. Kule Mufindi, katikati ya shamba la chai nililokulia, palikuwa na kiwanja cha gofu cha mashimo tisa. Wazungu waliokitengeneza walikwisha kuondoka, na wachezaji walikuwa wafanyakazi wenyewe: makarani, madereva, mafundi wa kiwandani, hata mganga wa zahanati. Sisi wakata nyasi tulikuwa wanawake sita, na msimamizi wetu aliitwa Onorata Kihwele. Alikuwa mama wa watoto wawili, mrefu, mkavu wa mwili, mtu wa maneno machache.

Onorata hakufundishwa gofu na mtu. Aliwatazama wachezaji miaka miwili, kisha akaokota fimbo iliyotupwa kwa kuwa imepinda, akainyoosha, akaanza kupiga jioni baada ya kazi. Alipiga kama anavyofyeka majani. Fimbo ilishuka kutoka nje ikikata kuja mwilini, na mpira ukaondoka chini chini, ukaanzia kushoto, kisha ukajipinda kuelekea kulia. Mwingine angeona hiyo ni kasoro. Yeye alielekeza kushoto, akauacha mpira ujirudie wenyewe hadi kwenye bendera inayoonyesha shimo. Sisi watu wa kiwanjani, namna mtu anavyozungusha fimbo tuliiita mkono wake, na mkono wa Onorata ulijulikana shamba zima. Kila Juni timu yetu ya watu wanane ilicheza na timu ya shamba la ng'ambo ya mto kugombea kikombe. Yeye alikuwa mwanamke pekee kati ya hao wanane, na tangu aingie, kikombe kilikaa kwetu miaka minne mfululizo. Tulijivuna naye. Wageni wakija tuliwaonyesha kiwanda, halafu tukawaonyesha Onorata.

Mwaka wa nne huohuo akaitwa Arusha kwenye majaribio ya kuchagua timu ya taifa ya wanawake. Shimo la saba la kiwanja kile lilikuwa na bwawa pana mbele yake. Mpira wa Onorata uliozoea kwenda chini chini haukuweza kuvuka. Alizamisha mipira mitatu siku ya kwanza na mitatu siku ya pili, akarudi nyumbani.

Hakusimulia mengi. Jumatatu alikwenda kwa Mzee Ambindwile Mwaisumo, fundi mitambo mstaafu aliyejifunza gofu ujanani kwa mwalimu wa kweli. Mimi nilifuatana naye. Mzee alimwambia apige mipira kumi, akaitazama yote. Kisha akasema, "Mama, mpira wako unajua njia moja tu. Njia hiyo inakutosha hapa nyumbani. Kule unakotaka kwenda haitoshi."

"Nifanye nini?" Onorata akauliza.

"Ubadili unavyoshika fimbo, na ubadili inakopita. Ishuke karibu na mwili, itoke kwenda nje. Itakuchukua mwaka. Na katika mwaka huo utacheza vibaya kuliko ulivyowahi kucheza. Ukishindwa kuvumilia hilo, usianze."

Akaanza.

Basi tukaona maajabu. Miezi ya kwanza mpira uliondoka kulia na kuzidi kwenda kulia, hadi kwenye mifereji. Fimbo ilikwisha kushika njia mpya lakini viganja vilikuwa bado vinafyeka. Siku nyingine mpira ulitambaa chini kama panya. Siku nyingine uliruka juu ukaanguka hatua ishirini mbele yetu. Mimi ndiye niliyekuwa naingia kwenye chai kuitafuta mipira, na nilitoka na mikono iliyochubuka. Onorata alikuwa na daftari. Kila mpira ulioharibika aliandika ulianzia wapi, ukapindia wapi, na yeye alihisi nini kwenye viganja. Mwezi wa Mei, kwa mara ya kwanza, mpira ulipinda kushoto, tena vibaya sana, ukatumbukia kwenye chai ya upande ambao hatukuwahi kuokota mpira wake hata mmoja. Nikasema moyoni, sasa ndiyo basi. Mzee Mwaisumo akacheka kwa furaha. "Viganja vimeamka," akasema. "Sasa tuna kazi ya kuvituliza tu."

Mimi sikumwelewa. Niliona tu kwamba Juni imefika na msimamizi wangu hawezi kuupeleka mpira kwenye bendera.

Ijumaa kabla ya mchezo wa kikombe, kapteni wa timu alikuja pale tulipokuwa tunafanyia mazoezi. Alikuwa Bwana Festo Msigwa, boharia wa kiwanda, mtu wa heshima zake.

"Kamwene, dada."

"Kamwene, kapteni."

"Nimekuja na ombi moja. Jumapili utupigie kwa mkono wako wa zamani. Siku moja tu. Jumatatu uendelee na huu wa Mzee."

Onorata aliweka fimbo chini. "Nikiurudia siku moja, kapteni, miezi saba yote imekwenda bure. Mwili unapenda ulichozoea. Ukiruhusiwa kurudi, hautoki tena."

"Na kikombe je? Watu watasema nini?"

"Niweke kando umchague mwingine. Sitanuna. Lakini ukinipanga, nitacheza kwa mkono huu."

Msigwa hakuwa na mwingine wa kumweka, na nadhani alitegemea kwamba mchezo ukibana, Onorata atarudia mkono wake wa zamani. Akampanga.

Jumapili ile watu walijaa tangu asubuhi. Michezo ya mtu kwa mtu ilikwenda sawa kwa sawa, wao wakishinda mmoja, sisi mmoja, na mmoja ukaisha sare, hadi ukabaki mchezo wa Onorata na dereva mmoja wa ng'ambo. Nao walifika shimo la tisa wakiwa sawa. Atakayechukua shimo lile ndiye atakayechukua kikombe. Dereva alitangulia, akapiga mpira wa kawaida, si mzuri wala mbaya. Mimi nilikuwa nimebeba mfuko wa fimbo wa Onorata. Shimo la tisa nililijua, na kila aliyesimama pale alilijua: lilikuwa shimo la mkono wake wa zamani. Elekeza kushoto kwenye paa la ghala, mpira urudi wenyewe. Alikuwa amelipiga hivyo mara mia.

Nikamnong'oneza, "Dada, mara hii moja tu."

Alinitazama, na sikuona hasira usoni mwake. Niliona mtu anayeogopa, ambaye ameshaamua. Akasimama kama Mzee alivyomfundisha, akapiga. Mpira ulipaa vizuri, na kwa pumzi moja nilidhani umepona. Halafu ukapinda kushoto, ukapita mwisho wa nyasi, ukapotelea kwenye chai. Wa pili nao ukaufuata. Ng'ambo wakaimba njia nzima hadi darajani na kikombe chetu.

Ndani ya jumba la klabu hapakuwa na aliyekaa. Msigwa alimuuliza mbele ya watu wote, kwa sauti ya chini iliyouma kuliko kelele. "Ulijua kwamba kwa mkono wa zamani tungeshinda?"

"Nilijua."

"Sasa ulitufanyia nini, Onorata?"

Alijibu akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Mkono ukijifunza, mpira hupotea, kapteni. Nikiogopa kupoteza mpira, mkono utabaki palepale. Nisameheni kwa kikombe." Akatoka.

Hapo ndipo maneno yale yalipozaliwa, na hayakuzaliwa na heshima yoyote. Kesho yake kwenye kantini mpishi alidondosha sahani, mtu akasema, "Mwacheni, mkono unajifunza." Kantini nzima ikacheka. Dereva akigonga lango, mkono unajifunza. Mtoto akimwaga uji, mkono unajifunza. Wiki nzima, mwezi mzima. Nami nilicheka nao. Siku moja ni mimi mwenyewe niliyeyasema, nikaigiza na ile sauti yake, nikageuka nikamkuta Onorata amesimama nyuma yangu na sahani yake ya ugali. Nilitamani ardhi inimeze. Akaketi karibu nami, akanawa. "Semeni tu," akasema. "Si uongo." Akaanza kula, akaniuliza kama nimenoa fyekeo langu. Mpaka leo nikikumbuka siku ile naona haya, lakini ndiyo iliyonifanya nianze kumtazama upya. Kila asubuhi alikuja kazini kabla yetu. Kila jioni alipiga mipira mia. Hakuna jioni aliyokosa kwa sababu ya vicheko, na hakuna mpira alioacha kuuandika.

Mwishoni mwa Agosti, wakati wa ile baridi yetu ya ukungu, alipiga mpira mmoja ambao sijausahau. Ulianza kulia kidogo, ukapanda juu kuliko mikaratusi, ukajiinamisha kushoto taratibu, ukatua laini karibu na bendera. Sikuwahi kuuona mpira wake huko juu. Nikamgeukia Mzee Mwaisumo.

"Rudia," Mzee akasema, kana kwamba hakuna lililotokea.

Akarudia. Ukaenda kulekule. Akarudia tena. Hadi giza linaingia alikuwa amepiga arobaini, na uliopotea ulikuwa mmoja. Mzee alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Novemba majaribio yalirudi Arusha. Nilikwenda kumbebea mfuko, na tulipofika kituo cha basi alfajiri tulimkuta Msigwa na begi lake. Onorata akamsalimu, akamuuliza anakwenda wapi. "Kapteni hamwachi mchezaji wake asafiri peke yake," akajibu, akatazama pembeni.

Shimo la saba lilikuwa vilevile, na bwawa lake. Kati ya wachezaji watatu waliotangulia, wawili walizungukia kando kwa woga. Onorata alitazama maji, akatazama bendera, akashusha pumzi. Nilisikia fimbo ikipita, na kwa sauti ya mpira ukitoka nilijua kabla sijauona. Ulipaa juu ya bwawa lote, ukajiinamisha, ukakaa. Siku ya pili akavuka tena, namna ileile. Walichaguliwa wanne kwa ajili ya timu ya taifa. Jina la pili kusomwa lilikuwa Onorata Kihwele, wa shamba la chai la Mufindi. Nilimwangalia Msigwa. Alikuwa amesimama wima kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa, na machozi yanamtoka bila kuyafuta.

Tuliporudi, walikuwa wamesimamisha mashine za kiwanda. Wanawake wa kuchuma chai walikuja na vikapu vyao mgongoni. Watu walitaka Onorata aseme neno, naye kama kawaida yake alishukuru tu, akamshukuru na Mzee, basi. Ndipo Msigwa alipopanda juu ya kreti.

"Mwaka huu tumemcheka mtu," akasema. "Mimi ndiye niliyeanza, nilipomhoji mbele yenu. Alituambia neno, tukaligeuza mzaha wa kantini. Neno lile lilikuwa la kweli siku ile aliyopoteza mpira, kabla hajachaguliwa na mtu. Sisi ndio tuliokuwa hatujajifunza. Dada, utusamehe."

Onorata alimshika mkono akamshusha kwenye kreti, akamwambia jambo sikioni, na Msigwa akacheka. Hakuna aliyejua alimwambia nini.

Alivaa jezi ya taifa miaka sita. Alicheza Kampala, alicheza Lusaka, na kila aliporudi tulimkuta Jumatatu kwenye nyasi pamoja nasi. Kikombe tulikirudisha pia, mwaka uliofuata.

Na yale maneno yaliendelea kusemwa, ila sauti ilibadilika. Nakumbuka ofisini kwa Msigwa palikuwa na binti mgeni akijifunza kupiga taipureta. Karani mkuu akamfokea kwa karatasi alizoharibu. Msigwa akamwambia, "Mwache. Mkono ukijifunza, mpira hupotea." Nilikuwa nimesimama pale nangoja mafuta ya mashine, nikasubiri watu wacheke. Hawakucheka. Yule binti akavuta karatasi nyingine. Kutoka shambani kwetu maneno yalipanda malori ya chai, yakafika Mafinga, yakafika Iringa, na sasa yanasemwa na watu ambao hawajawahi kuona fimbo ya gofu.

Lakini yasemeni kwa haki. Asiyejifunza naye hupoteza mipira, na hiyo ni mipira iliyopotea tu. Onorata alijua kila wake ulikwenda wapi na kwa nini. Aliacha mkono uliompa sifa, akakubali kuonekana hajui mbele ya watu waliomjua kuwa bingwa, na hakurudi nyuma hata siku ambayo kurudi kungemletea kikombe. Mtu wa namna hiyo akikosea mbele yenu msimwonee haya, wala msimcheke kama nilivyocheka mimi. Mwambieni mlivyosikia leo, na mkimwambia mjivune naye.

Mkono ukijifunza, mpira hupotea.